Waliobaki Baada ya Risasi: Hotuba kwa Waandishi wa Tamthilia

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, waandishi na waigizaji mliofika, asalaam aleikum, na kwa wote habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumwandika muuaji wa kukodiwa. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba sehemu kubwa ya muda wangu niwape waliouawa na waliowazika. Nitapitia tamthilia moja ya televisheni ya Marekani, *Barry*, iliyorushwa na kituo cha HBO kuanzia Machi 2018 hadi Mei 2023. Misimu minne, kila msimu sehemu nane, na sehemu yenyewe ni kama nusu saa tu. Waliibuni Alec Berg na Bill Hader, na Hader ndiye anayemwigiza Barry Berkman. Kwenye tuzo za Emmy, tuzo kubwa za televisheni za Marekani, ilishindanishwa na vichekesho, na Hader akachukua ya mwigizaji bora mwaka 2018 na tena 2019. Msishangae. Inachekesha kweli, tena pale usipotegemea, na ndiyo maana inapouma inakukuta mdomo bado uko wazi.

Kwa ambao hawajaiona, nitaisimulia haraka. Barry alikuwa askari wa Marine, kikosi cha jeshi la Marekani, akapigana Afghanistan, akarudi nyumbani hana mbele wala nyuma. Rafiki wa zamani wa familia, Monroe Fuches, mtu anayejifanya mjomba, akamwokota na kumwingiza kwenye biashara ya kuua kwa malipo. Siku moja anatumwa Los Angeles kumuua kijana anayeitwa Ryan Madison, aliyetembea na mke wa mkuu wa genge la Wachechen, watu wa asili ya Chechnya huko Urusi. Anamfuata nyumanyuma mpaka kwenye darasa la uigizaji la mzee Gene Cousineau, anayeigizwa na Henry Winkler. Anaingia ukumbini na kuona watu wakilia na kucheka mbele za watu bila aibu, wakipigiwa makofi. Pale pale moyo wake unanasa. Anataka aache kuua, awe mwigizaji.

Mpaka hapo ni hadithi tuliyoizoea: mtu mbaya anataka kuwa mwema. Sasa twendeni kwenye msimu wa kwanza, sehemu ya saba, maana mimi naamini tamthilia nzima imejengwa juu ya dakika chache za hapo.

Kuna kijana anaitwa Chris Lucado. Naye aliwahi kuwa Marine. Ana mke, Sharon, na mtoto mdogo wa kiume. Chris si muuaji. Ameingizwa kwenye mkasa wa Barry kwa sababu ya urafiki na marafiki wabaya, na huko amemuua mtu. Hawezi kulala. Anamwita Barry wakutane, wanakaa ndani ya gari, na Chris anatetemeka. Anasema itabidi aende polisi, aseme yote. Kisha anamtazama Barry usoni, na taratibu anaanza kuelewa amekaa na nani. Anabadilisha maneno. Anasema hatasema kitu. Anamtaja mkewe, anamtaja mtoto. Barry anajaribu kila njia ya kumsaidia Chris aseme jambo litakalomwokoa, na halipatikani. Macho ya Barry yamejaa machozi. Kisha anampiga risasi, na kulipanga tukio lionekane kama Chris amejiua mwenyewe.

Kwetu tumezoea kusema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Angalieni hapa: majuto yametangulia. Barry anamlilia Chris wakati Chris bado anapumua, bado anaomba, na kilio hicho hakizuii chochote. Ni jambo zito sana kulionyesha. Tamthilia nyingi humfanya muuaji aue kwanza, ndipo usiku alie kwa kuwa hakujua uzito wa alichofanya, nasi tunamwonea huruma. Barry anajua uzito wote, kabla. Analia huku anatimiza.

Sikilizeni kinachofuata usiku uleule. Darasa linaonyesha vipande vya Shakespeare jukwaani. Sally Reed, msichana ambaye Barry anampenda, anaigiza nafasi ya mfalme Macbeth, na mawakala wanaotafuta waigizaji wamo ukumbini. Barry amepewa mstari mmoja tu: aingie, atoe taarifa kwamba malkia amefariki. Wapo hapa wanaoijua *Makbeth*, tafsiri ya Kiswahili ya Samuel Mushi ya mwaka 1968, wanakumbuka mahali pale: mjumbe haelezi, haliliwi, hana hata nafasi ya kuitwa mhusika. Kazi yake ni kuleta habari ya msiba na kutoka.

Barry yuko nyuma ya pazia, na kichwani anaona nyumba ya Chris. Anamwona Sharon akipokea habari. Anamwona yule mtoto. Anavunjika kabisa, pumzi hazitoki. Wanamsukuma aingie. Anaingia uso umelowa, sauti imekatika, na anausema mstari wake: malkia amefariki. Sally anashtuka, maana mbele yake kuna mtu mwenye msiba wa kweli, na kwa mshtuko huo yeye mwenyewe anaigiza kuliko alivyowahi kuigiza maishani. Ukumbi umenyamaza. Mwalimu Gene anafurahi sana. Barry anaambiwa pale alipofika leo ndipo afike kila siku.

Nimeitazama mara nyingi na bado najiuliza waliwezaje. Maana msiba wa Sharon umeibwa mara mbili. Kwanza amenyang'anywa mume. Kisha kilio chake, ambacho bado hata yeye hajaanza kulia, kimechukuliwa na aliyemuua mumewe, kikapelekwa jukwaani, na aliyekipeleka akasifiwa. Sisi tulio kwenye kazi hii ya sanaa tuitazame scene hiyo bila kukwepesha macho, kwa sababu inatugusa. Ni mara ngapi tumechukua kilio cha jirani tukakifanya mandhari ya mhusika wetu mkuu?

Msimu wa pili unaturudisha Afghanistan, na hapo tunapata chanzo. Barry anapoua kwa mara ya kwanza vitani, wenzake wanamshangilia. Mtu aliyekuwa mpweke maisha yake yote anapigwa mabegani, anaitwa shujaa, na uso wake unachanua. Baadaye, rafiki yake Albert anapigwa risasi, Barry anapandwa na wazimu, anaingia kwenye nyumba na kumuua raia ambaye hakuwa na hatia yoyote. Kule kushangiliwa na kule kwenye darasa la Gene ni kiu moja. Anachotafuta Barry ni kikundi cha watu kimwambie wewe ni mtu mzuri. Ndiyo maana hatia yake, pamoja na kuwa ni ya kweli na inamtesa, haimpeleki popote: kila mara anaitafutia watazamaji wa kumtuliza.

Nije kwa Janice Moss. Huyu ni mpelelezi wa polisi, mwanamke makini, mpenzi wa mzee Gene. Mwisho wa msimu wa kwanza wako wote kwenye nyumba ya mapumziko ya Gene, kando ya ziwa, wamekula na kucheka. Janice anaunganisha mambo, anamgundua Barry. Usiku wanakabiliana nje. Barry anamsihi amwache, kwamba ameshabadilika. Janice ni askari, hawezi. Hatuonyeshwi anavyoanguka. Barry anarudi kitandani kwa Sally, analala chali, na kujiambia kwamba anaanza maisha mapya, kuanzia sasa.

Katika msimu wa pili anayempa Gene pole ni Barry. Gene hataki kufundisha, hataki kuamka, na Barry ndiye anayemhimiza, anayembembeleza, anayemshika mkono. Upendo ule ni wa kweli, ndugu zangu. Barry anampenda Gene kama baba. Hapo ndipo panapotisha. Ingekuwa unafiki tu tungemchukia na kumalizana naye. Mwishowe ni Fuches anayempeleka Gene msituni, anamwonyesha mwili wa Janice kwenye buti ya gari, na kumnong'oneza sikioni jina la aliyefanya.

Gene anapojua, Barry anataka nini? Anataka asamehewe. Kuna jambazi mmoja mcheshi, NoHo Hank, anayemwambia msamaha haupewi bure, unaufanyia kazi. Basi Barry anauchukua ushauri huo kama mtu aliyepewa tenda. Anamtafutia Gene nafasi ya kuigiza kwenye televisheni. Anambeba kwenye buti ya gari, mzee wa watu, ili ampeleke kwenye bahati yake! Kisha anamweleza kwamba mwanawe na mjukuu wake watakuwa salama akinyamaza, na katika pumzi hiyohiyo anamwambia nakupenda, na anangoja aambiwe vilevile. Gene analazimika kulitamka.

Hapa niseme kidogo kwa lugha ya nyumbani. Tuliolelewa madrasa tulifundishwa kwamba toba ya dhambi iliyo kati yako na Mungu ina masharti yake, uache, ujute, uazimie kutorudia. Lakini ukiwa umemdhulumu mtu, kuna sharti la zaidi: haki ya mja irudi kwa mwenyewe, au akusamehe kwa hiari yake. Ndugu zetu Wakristo wanamjua Zakayo, aliyeahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Mahali popote ulipokulia, umelisikia hili. Barry anajuta sana, na sharti hilo moja ndilo asilotaka hata kulisogelea. Haki ya Gene, na ya baba yake Janice, ilikuwa Barry aende kituo cha polisi aseme ni mimi. Yuko tayari kwa kila kitu kingine. Atatoa fedha, atatafuta kazi, atalia, ataota ndoto mbaya. Lile moja, hapana.

Katika msimu wa tatu waandishi wanafanya uamuzi ambao ningependa kila mmoja hapa aulalie macho. Wanawarudisha wafiwa. Fuches, kwa chuki zake na Barry, anazunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia jamaa za marehemu ni nani aliyewaua ndugu zao. Watu ambao katika msimu wa kwanza walikuwa maiti tu, sasa wana mama, wana watoto, wana baba. Mama mmoja na kijana wake wanakwenda kulipiza na bunduki wasiyoijua, na kijana anampiga mama yake kwa bahati mbaya. Sharon anamkaribisha Barry nyumbani na kumpa sumu. Na baba yake Ryan Madison, yule kijana wa mwanzo kabisa ambaye sote tulishamsahau, anampata Barry akiwa mahututi kwa sumu ile. Ana silaha, anaye muuaji wa mwanawe garini, hana wa kumzuia. Anaendesha mpaka hospitali. Pale nje anajipiga risasi mwenyewe, na Barry anaokolewa.

Niliposema sote tulishamsahau Ryan, sikuwa natia chumvi. Tulikuwa tumecheka vya kutosha baada ya kifo chake. Baba yake hakuwa amecheka. Waandishi walijua wanatufanyia nini.

Wakati sumu inamtembea mwilini, Barry anajiona ufukweni, na wamesimama pale aliowaua, wengi, wakitazama bahari. Hawamtukani, hawamkimbilii. Ufukwe umejaa, basi.

Kisha Albert anatokea. Yule rafiki wa vitani, ambaye Barry aliwahi kumwokoa maisha yake, sasa ni ofisa wa FBI, idara ya upelelezi ya serikali ya Marekani. Anamkuta jangwani, anamwelekezea bastola, na Barry anapiga mayowe kama mnyama aliyenaswa. Albert ana watoto, na anajua kwamba bila Barry watoto hao wasingekuwepo. Anamwachia. Anamwambia yakome. Na Barry haachi.

Kuhusu Hank nitasema machache, ingawa naye angestahili hotuba yake. Huyu alimpenda Cristobal, na Cristobal alipotaka kuondoka baada ya kuona ukatili wa biashara yao, Hank akaacha auawe. Miaka minane baadaye Hank ni tajiri, na kwenye ukumbi wa ofisi yake amesimamisha sanamu ya Cristobal, akisimulia kwamba maadui ndio waliomuua. Siku ya mwisho Fuches anampa nafasi: kiri kwamba ni wewe uliyemuua, nami naondoka, yaishe. Fuches mwenyewe ameshakiri ubaya wake mbele ya watu. Hank midomo inatetemeka, machozi yanatoka, neno limefika kooni. Halitoki. Risasi zinalia, na anakufa ameushika mkono wa sanamu.

Msimu wa nne, ambao Hader aliongoza sehemu zote nane yeye mwenyewe, unamwonyesha Barry akiwa mtoro, amejificha na Sally kwa majina ya bandia, wana mtoto wa kiume, John. Amekuwa mtu wa sala. Halafu anasikia kuna filamu inatengenezwa juu ya maisha yake na Gene anahusika, anaamua akamuue Gene. Njiani anasikiliza mahubiri. Mhubiri huyu anasema kuua ni dhambi kubwa, Barry anabadilisha mhubiri. Anaendelea kubadilisha mpaka anampata anayempa ruhusa. Nani hapa hajawahi kumjua mtu wa namna hiyo, anayezunguka kwa mashehe na wachungaji mpaka apate jibu analolitaka?

Sally anamwambia ajisalimishe, kwa kuwa sasa Gene ndiye anayetuhumiwa kumuua Janice. Barry anasema haamini kwamba hilo ndilo Mungu analolitaka. Usiku Sally anamchukua mtoto na kuondoka. Barry anakwenda kuwatafuta kwa Gene, na pale, amechoka, anaonekana kukubali hatimaye polisi waitwe. Wakati huohuo Gene anatoka chumbani na bastola na kumpiga risasi. Barry anashangaa tu, neno moja la mshangao, kisha anamalizwa.

Wapo wanaosema mwisho huo umemwonea, kwamba alikuwa amekaribia kutubu. Mimi siungi mkono. Alikuwa na miaka minane ya kutubu. Chris alipewa dakika ngapi kwenye lile gari?

Baada ya hapo inafuata dhuluma kubwa kuliko zote, nayo imetendwa na watu wa fani yetu. Filamu inatoka. Ndani yake Barry ni askari mwema aliyedanganywa, na mwovu ni Gene. Maandishi ya mwisho yanatueleza kwamba Gene yuko gerezani maisha kwa kumuua Barry na Janice, na Barry amezikwa kwa heshima zote kwenye makaburi ya Arlington, makaburi ya kitaifa ya wanajeshi wa Marekani. Jim Moss, baba yake Janice, mtu aliyekuwa na akili kuliko wote katika kutafuta ukweli, aliyemnasa Barry kwa mtego wake mwenyewe, anaishia kuamini kwamba binti yake aliuawa na mwanamume aliyempenda. Na John, ambaye sasa amekuwa kijana, anaitazama filamu hiyo na kumwona baba yake shujaa.

Sasa nizungumze na ninyi mnaoandika skripti wiki hadi wiki. Najua mnavyobanwa. Najua mtayarishaji anavyosema wafiwa wanapunguza kasi, weka mkimbizano. Katika tamthilia zetu tajiri anatuma vijana wawili, mtu anapigwa, tunapewa dakika moja ya vilio, jeneza, kanga, na wiki inayofuata mjane anarudi kwa sababu ya ugomvi wa mirathi tu. Msiba haupewi hata arobaini yake.

Kwa hoja ya kasi, mtazameni tena Jim Moss. Anamkalisha Gene kwenye gereji yake. Viti viwili vinatazamana, magoti karibu yagusane. Hana bunduki mkononi, hapigi kelele. Ni baba anamtazama mtu anayejua nani alimuua mwanawe, anamtazama tu, anauliza, anasogea. Gene anaporomoka pole pole mpaka ukweli unatoka. Katika misimu yote minne yenye mabomu, pikipiki na magenge, mimi sikuwahi kukaza meno kama pale. Mfiwa akiandikwa vizuri, kasi anayo.

Na mwigizaji anayepewa nafasi ya mfiwa msimpe machozi pekee. Mpeni kazi ya kufanya, mpeni shaka, mpeni hasira anayoikosea mlengwa, kama yule kijana na mama yake. Mpeni siku ambayo amesahau kidogo, akacheka, kisha akakumbuka. Muuaji wenu ataonekana sawasawa mkimtazama kutoka kwenye nyumba yake huyo.

Muda wangu umekwisha, na mwenyekiti amenionyesha saa. Baada ya chai tutaitazama ile sehemu ya saba, halafu nataka tujadili jambo moja linalohusu Sally. Anajua nani alimuua Janice. Gene anaozea gerezani, na hatuonyeshwi Sally akifungua kinywa. Naye ana damu mikononi, alimuua mtu siku moja kwa kujihami na akapitiliza, na Barry akamfundisha aseme Barry ndiye aliyefanya. Ningependa kila mmoja aandike ukurasa mmoja, asubuhi ya siku Sally anapopata barua kutoka gerezani kwa Gene. Nitayasoma yote. Asanteni sana.